List au Set kwenye Hibernate? Angalia kwanza uhusiano wenyewe

Hibernate ni maktaba ya Java inayohifadhi objekti zako kwenye tebo za databesi, na List na Set ni aina mbili za kuwekea vitu vinavyohusiana (Set hairuhusu kitu kujirudia). Ukiwasha logi za SQL ndo utajua kwa nini hili swali lina maana, maana kwenye Java zote zinaonekana sawa tu.

List ambayo hujaiwekea @OrderColumn (safu ya tebo inayotunza nafasi ya kila kitu), Hibernate inaichukulia kama bag, yaani haijui kipi kinatangulia wala kama kuna kilichojirudia. Sasa chukua Mwanafunzi na Somo, @ManyToMany (wengi kwa wengi), mwanafunzi mmoja ana masomo 9 kwenye List, ukamtoa somo moja. Hibernate haina njia ya kuutambua huo mstari mmoja kwenye tebo la kati linalounganisha wanafunzi na masomo, kwa hiyo inafuta yote 9 halafu inaingiza 8 upya!! Weka Set, inatuma DELETE moja basi. ManyToMany ni Set, hapo mi sibishani na mtu.

@OneToMany (mmoja kwa wengi) yenye mappedBy, yaani uhusiano unashikwa na upande wa pili, ni kesi tofauti. Oda na bidhaa zake kwa mfano, anayeshika uhusiano ni bidhaa, so List haina noma, tena ukiita add() hailazimiki kupakia vilivyomo, ila Set kwa kawaida inavipakia kwanza ikague kama hicho kipya kimo au hakimo.

Set nayo inataka equals (inayolinganisha objekti mbili) na hashCode (namba ya hashi ya kuitafutia objekti) za maana, na hapa ndo wengi wanaumia. Kama id inatolewa na databesi usiipeleke kwenye hashCode, kabla ya kusevu ni null, baada ya kusevu ni 57, kitu kilishaingia kwenye HashSet kwa hashi ya zamani, ukiuliza contains() unajibiwa false na kimo humo humo. Tumia kisichobadilika, mfano namba ya usajili, na kama hakuna basi hashCode irudishe namba moja kwa klasi nzima, equals ndo ilinganishe id ikiwa si null.

Mpangilio? @OrderBy (databesi inapanga wakati wa kusoma) inatosha mara nyingi. @OrderColumn iache kwa vitu ambavyo yuza mwenyewe anavipanga, kama pleilisti.

Halafu kuna era ya MultipleBagFetchException, ukifanya JOIN FETCH (kupakia vitu vya uhusiano pamoja na objekti kuu) ya List mbili kwenye kweri moja. Utaambiwa geuza ziwe Set, na kweli era inapotea, lakini databesi bado inazidisha: posti yenye komenti 50 na tagi 20 inarudi na mistari 1,000. Gawa ziwe kweri mbili ndani ya transaksheni moja, Hibernate itajaza objekti ile ile.