Kupinga kibali cha jengo la maduka Mwanza

Kinachoziua kesi hizi mara nyingi ni tarehe. Mapitio ya mahakama, yaani kuiomba Mahakama Kuu ikague kama uamuzi wa mamlaka ulikuwa halali, yana ukomo wa miezi 6, na huhesabiwa tangu siku uamuzi ulipotolewa, si siku uliyoona katapila likisukuma kifusi. Muda ukipita, itabidi uombe kuongezewa na ueleze ulichelewa kwa nini, siku moja baada ya nyingine.

Basi jua kwanza kiwanja kiko upande gani. Nyamagana iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ilemela ni manispaa inayojitegemea. Andika barua kwa mkurugenzi husika ukiomba nakala ya kibali cha ujenzi, muhtasari wa kikao kilichokipitisha na, kama kiwanja kilikuwa cha makazi, idhini ya kubadili matumizi. Itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa siku 30 kujibu. Usiondoke dirishani bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Jengo likiwa kando ya ziwa, pima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Vuta tepu mpaka nguzo ya kwanza, piga picha namba ikisomeka, andika tarehe. Maji ya Victoria hupanda na kushuka (2020 yalipanda sana), kwa hiyo vipimo vya mpima ardhi aliyesajiliwa vina uzito kuliko picha yako.

Jaji hatapima kama maduka hayo yataua biashara yako. Ataangalia kama aliyetoa kibali alikuwa na mamlaka, kama alifuata utaratibu, na kama waliostahili kusikilizwa walisikilizwa. Penye ngazi ya rufaa kisheria, pitia huko kwanza, huku ukihesabu ile miezi 6.

Mahakama Kuu unaanza kwa kuomba ruhusa ya kufungua mapitio: maombi, maelezo yenye nafuu (amri) unazotaka na sababu zake, pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli. Ambatisha uamuzi unaoupinga, muunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama mjibu maombi, na uombe ujenzi usimame. Ukipewa ruhusa, una siku 14 tu kufungua maombi yenyewe.

Wafanyabiashara wanaosafiri huumia kwenye hati ya kiapo. Wakili ameiandaa Mwanza, wewe uko Bukoba umefuata mzigo. Unatumiwa, unaapa mbele ya kamishna wa viapo (mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuapisha) wa huko, kumbe mstari wa mwisho ulishachapwa “Imeapwa Mwanza”. Sheria inamtaka kamishna aandike jina lake, mahali na tarehe halisi ya kiapo, na upande wa pili ukigundua kasoro utaomba hati itupwe. Nafasi hizo ziachwe wazi, azijaze kwa kalamu ukiwa umesimama mbele yake. Usisaini gesti kisha ukamtuma mtu kutafuta muhuri. Nyaraka halisi zikae kwenye begi la mkononi, si kwenye buti la basi.