Kabla hujabisha hodi na kamera

Unataka kutengeneza filamu fupi ya dakika kumi na tano kuhusu bibi wa mtaani kwenu, au wachuuzi wa samaki pale Deep Sea, au babu aliyekata mkonge enzi za manamba, wale vibarua wa mashamba waliopewa namba. Vizuri. Kaa kwanza tuelewane, maana kazi hii nimeifanya hapa Tanga na makosa yake karibu yote nimeyamaliza mimi.

Kibali ni cha Bodi ya Filamu. Sheria yake ni ya tangu 1976, na kusema "yangu ni fupi tu" hakukuondoi humo. Ukishakipata, pita kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze unachofanya kabla hajaelezwa na wengine. Droni ina ruhusa zake nyingine na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mimi nimeachana nayo, sijawahi kuona bibi akisimulia vizuri huku kitu kinavuma juu ya mnazi wake. Bandarini, kituo cha polisi na kambi ya jeshi, lenzi igeukie kwingine.

Betri zichaji usiku. Kadi nunua za kutosha: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, na mzee akishachangamka saa moja haimtoshi hata kufika kwenye harusi yake. Jioni hiyohiyo nakili kwenye diski mbili, na moja ilale nyumba nyingine. Ndani kukiwa na taa za tyubu, weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka 30 utafika nyumbani ukute ukuta mzima unapepesa.

Sauti ndiyo inayoua filamu zetu. Mtu atavumilia picha yenye giza, ila maneno yasipoeleweka anaondoka. Zima feni, omba friji ichomolewe (na uweke funguo zako ndani ya friji, hutasahau kuirudisha), epuka chumba cha bati siku ya mvua. Upepo wa kusi ukivuma Raskazone, maiki isiyo na manyoya yake inarekodi kusi peke yake. Mahojiano yaanze baada ya sala ya alasiri, upate muda mrefu bila adhana kukukuta katikati ya sentensi, maana mzee atanyamaza kuisikiliza na uzi atakaourudia hautakuwa ule. Mkimaliza, rekodi dakika moja ya sauti ya chumba chenyewe, watu wote kimya. Siku ya kuhariri, ukitafuta cha kuzibia mapengo ya sauti, utanikumbuka.

Na tafadhali usianze na historia. Kila filamu ya Tanga inaanza na Hindorf, yule Mjerumani aliyeleta mkonge, 1893, na ile miche 62 ya mkonge iliyofika hai. Tunajua. Muulize babu namba yake ya kazi ilikuwa ngapi, kisha nyamaza.

Sasa nije kwenye lililonikuta.

Nilimrekodi bibi mmoja wa Ngamiani, muuza vitumbua. Karatasi ya ridhaa nilimsomea yote, mjukuu wake akiwa pembeni, akaweka dole gumba. Siku tatu nilishinda jikoni kwake. Asubuhi ya tatu moshi ulizidi, akainama kupuliza moto, mtandio ukateleza hadi begani. Hakujua, au alijua na mikono ilikuwa kazini. Mkono mmoja umeshika upawa, mwingine unageuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli. Nywele zake nyeupe, zimesukwa mabutu madogo, na mwanga wa dirishani umepita ndani ya moshi ukatua pale pale kichwani. Sekunde kumi na moja. Nilipofika nyumbani niliirudia picha ile mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikaifanya ya mwisho kwenye filamu, tena nikaipunguza mwendo.

Tukaonyesha mtaani, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, watoto mbele kwenye mikeka. Picha ile ilipofika watu waliguna. Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani wananisifu. Nilipogeuka nikaona mjukuu wake wa kike anainuka, anamshika bibi mkono, wanaondoka. Simu kama nane zilikuwa juu zinarekodi.

Asubuhi mwanawe mkubwa akanipigia, hakupandisha sauti, akasema tu njoo. Nilimkuta bibi amekaa barazani, mtandio ameufunga kwa pini. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikaanza kueleza habari za karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mume wangu kafa, na hapana mwanamume wa kando aliyewahi kukiona kichwa hiki. Wewe umekionyesha Ngamiani nzima." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilikata sekunde zile siku hiyohiyo. Haikusaidia kitu, zilishafika kwenye makundi ya WhatsApp, na mpaka leo kuna mtu anazo. Bibi alikaa wiki mbili bila kukaanga.

Karatasi yangu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo ninalotaka ulishike. Alikubali kurekodiwa, hakuna aliyemuuliza kuhusu sekunde kumi na moja. Kwa hiyo sasa filamu ikiwa bado mbichi, kabla ya muziki, kabla ya rangi, naibeba kwenye laptopu hadi nyumbani kwa niliyemrekodi. Anaangalia yeye na mtu anayemtaka mwenyewe, mlango umefungwa. Mimi siangalii skrini, namwangalia yeye: akijivuta nguo, akicheka kabla ya wakati, naandika dakika. Halafu nauliza, na namuuliza peke yake, maana mbele ya wanawe atasema "haya tu, sawa." Kinachomkera kinatoka, hata kikiwa ndicho kizuri kuliko vyote. Tenga siku hiyo kwenye ratiba tangu mwanzo, na usimpe mfadhili tarehe ya maonyesho kabla haijapita. Nimepoteza picha nzuri nyingi hivi. Sijaitwa tena barazani.

Mengine kwa haraka. Pesa usiahidi usizonazo. Watu wakiona kamera hudhani umetumwa na mradi. Mtoto, omba kwa mzazi na umuulize na mtoto pia. Jina la jirani likitajwa kwa ubaya, jirani huyo na wajukuu zake watakaa mstari wa pili siku ya kuonyesha, basi likate. Taarabu ya zamani siyo ya bure: hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo wimbo wa Black Star au Lucky Star unaoudhania wa mtaa una wenyewe. Picha za albamu zipige palepale mkekani, usiondoke nazo hata kwa usiku mmoja. Mji huu wanauita waja leo waondoka leo, wasikuone nawe umekuja kwa mtindo huo. Ukikaribishwa ule, kamera irudi mkobani na zipu uifunge.