Kuwinda elki Colorado: anza na friza, bunduki baadaye

Kila mwaka ikikaribia Oktoba napigiwa simu na Watanzania na Wakenya wa Denver na Aurora, na swali ni lile lile: "Kaka, bunduki gani inafaa kwa elki?" Nami hujibu kwa swali langu: friza yako ina ukubwa gani? Wengi hucheka. Aliyewahi kushuka mlimani usiku na paja la elki mgongoni hacheki.

Elki hana jina la Kiswahili. Biblia yetu ina ayala, yule aioneaye shauku mito ya maji, nao ni ukoo mmoja, ila huyu wa huku ana mwili zaidi. Mfikirie tandala mkubwa aliyenenepa na kuvaa koti la manyoya. Jike hufika kilo 220 hivi, dume hupita 300. Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani. Mimi huomba kibali cha jike, kwa sababu pembe haziliwi. Haya ninayoandika ni kwa mtu anayeishi Colorado, anayetaka nyama, atakayewinda kwa bunduki kwenye ardhi ya umma bila kumlipa mtu wa kumwongoza.

Hatua ya 1: Pima friza, kisha hesabu migongo

Jike mmoja hutoa kilo 60 hadi 70 za steki. Friza ya futi za ujazo 7 inazimeza bila shida. Friji ya nyumbani, ile ya juu yenye trei za barafu, haitoshi hata kwa mkono mmoja wa elki.

Sasa migongo. Nyama ikiwa bado na mifupa ya miguu ni kama kilo 100. Mtu wa kawaida hubeba kilo 25 kwenye mteremko bila kuumia. Mkiwa wawili, kila mmoja ana safari mbili. Kama mnyama kaanguka kilomita 4 kutoka kwenye gari, hiyo ni kutoka na mzigo, kurudi mtupu, kutoka tena: kilomita 12 kwa kila mtu, mkiwa tayari mmechoka. Huku hakuna wapagazi kama wa Kilimanjaro. Mpagazi ni wewe, mnyapara ni wewe. Ndiyo maana sheria yangu ni kilomita 2 kutoka kwenye gari, basi, na siendi peke yangu.

Hatua ya 2: Makaratasi, kuanzia Januari

Mamlaka ya wanyamapori ya jimbo ni Colorado Parks and Wildlife, watu huiita CPW. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, yaani karibu sisi sote, hauziwi kibali bila cheti cha kozi ya usalama wa wawindaji. Ifanye mapema. Bei ya mkazi inahitaji uwe umeishi Colorado miezi 6 mfululizo; mkazi hulipa chini ya dola 100 kwa elki, mgeni wa jimbo jingine hulipa mamia.

Vibali vingi hutolewa kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Anayeanza kuulizia Septemba amechelewa, ingawa vibali vilivyobaki huuzwa Agosti kwa wenye mkono mwepesi. Fomu ina chaguo la kwanza hadi la nne. Chaguo la kwanza andika kitalu cha uwindaji unachokitamani. La pili, andika kitalu chenye vibali vingi vya majike. Ukikosa la kwanza unapewa pointi ya kukusaidia mwaka unaofuata, hata kama umepata la pili. Wengi hawalijui hili, nao huacha chaguo la pili tupu.

Neno kuhusu uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki bunduki kama hana kizuizi kingine. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hadhi halali asiguse kabisa, hata ya kuazima. Muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize mjuaji wa kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 3: Bunduki

Nitakuwa mfupi, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi. Kwa elki, Colorado inataka risasi ya kipenyo kisichopungua milimita 6 na uzito usiopungua greni 85, yaani kama gramu 5.5. Bunduki ya .270, .308 au .30-06 inatosha maisha yako yote. Ukinunua dukani kuna kusubiri siku 3, sheria iliyoanza Oktoba 2023.

Kipimo changu ni sahani ya chakula ya upana wa sentimita 20. Iweke mita 200, kaa chini, egemea begi lako kama utakavyofanya porini, upige 5. Zote zikiingia, mita 200 ni umbali wako. Zisipoingia, sogea hadi zinapoingia, na hapo ndipo mwisho wako hata ukikutana na elki amesimama mita 300 anakutazama.

Hatua ya 4: Kitalu na ramani

Huku nako wana vitalu vya uwindaji, vyenye namba. Mimi huenda upande wa Flat Tops, ndani ya msitu wa taifa wa White River, mashariki ya mji mdogo wa Meeker. Kundi la elki la White River ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini. Vitalu 12, 23 na 24 viko humo.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, yenye mipaka ya mashamba binafsi, kwa sababu mtandao huishia barabara kuu. Colorado mwenye shamba halazimiki kuweka kibao. Ukivuka mpaka umevuka, hata kama hakuna uzio.

Kwenye ramani tafuta vitu vitatu vilivyo karibu: uwanda wa majani, maji, na msitu mnene wa misonobari kwenye mteremko unaotazama kaskazini. Elki hula uwandani usiku na alfajiri, kukipambazuka hujivuta kwenye giza la misonobari, na huko hulala mchana kutwa. Wewe unatafuta njia wanayopitia kati ya meza na kitanda.

Hatua ya 5: Mapafu, nguo, baridi

Sehemu tunazowinda ziko kati ya mita 2,700 na 3,500. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu akumbuke alivyokuwa akihema baina ya kambi za Mandara na Horombo, ndiko huko. Kuanzia Julai beba begi la kilo 20 kwenye ngazi za ghorofa, mara tatu kwa wiki. Fika mlimani siku mbili kabla, unywe maji mengi. Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikaanza, shuka.

Msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Waridi inayong'aa nayo inakubalika. Ndani vaa sufu. Pamba ikilowa jasho hukugandisha, na jinzi ni pamba.

Hatua ya 6: Upepo

Elki akikuona anaweza kusimama ajiulize. Akikusikia anaweza kudhani ni mwenzake. Akikunusa ameondoka, na hatasimama hadi bonde la tatu.

Weka poda ya mtoto kwenye chupa ndogo na uipulize kila baada ya dakika chache. Mtu wa pwani anayeujua umande, upepo wa alfajiri utokao bara kwenda baharini kisha mchana ukageuka, ataelewa haraka. Mlimani ni hivyo hivyo: alfajiri hewa ya baridi huteremka bondeni, basi wewe kaa chini ya elki. Kuanzia saa tatu hivi jua linapopasha mteremko, hewa hupanda, na hapo unatakiwa uwe juu yao. Kati ya hizo mbili kuna nusu saa ambayo poda huzunguka tu kama moshi wa sigara. Nusu saa hiyo kaa, kula karanga, usitembee.

Hatua ya 7: Risasi

Saa halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Mimi nina saa yangu: baada ya saa kumi jioni sipigi, labda niwe naiona barabara.

Sababu yake ni mwaka wangu wa kwanza. Nilipiga jike saa kumi na moja jioni, ndani ya korongo, karibu kilomita 4 kutoka kwenye gari. Tulikuwa wawili na tochi moja ya kichwani. Tulitoa miguu ya upande mmoja, giza likatushinda, tukaliacha paja la chini na ngozi yake tukisema baridi italihifadhi. Usiku ule maji yaliganda kwenye chupa. Asubuhi nilipochana kando ya kiungo cha nyonga, mvuke ulitoka, na harufu yake ilikuwa ya maziwa yaliyochacha. Nje barafu, ndani bado moto. Ngozi ya elki ni blanketi. Tulitupa karibu kilo 8 za nyama nzuri, na tangu hapo saa kumi ni saa kumi.

Subiri asimame ubavu, pembeni kabisa. Panda na nyuma ya mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kimo cha kifua: hapo ni mapafu. Wenzangu Waislamu hutamka "Bismillahi, Allahu Akbar" kabla ya kufyatua, na kisu kiko kiunoni kama mnyama atakutwa hai. Ukishapiga, pakia nyingine, weka alama mahali alipokuwa, kaa nusu saa. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Ukikuta majimaji ya kijani umepiga tumbo. Subiri saa kadhaa, kwani ukimkimbiza utampoteza.

Hatua ya 8: Kuchuna bila kupasua tumbo

Kabla ya kisu, kibali. Kitie sahihi na tarehe pale pale. Ushahidi wa jinsia lazima ubaki umeshikamana na nyama. Kwa jike, mimi huacha kipande cha kiwele kwenye paja moja.

Mlaze ubavu. Chana ngozi kando ya uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, uivute kuelekea tumboni kama unavyokunja mkeka. Mkono wa mbele haujaungwa kwa mfupa: uinue, pitisha kisu nyuma ya bega, utatoka wenyewe. Paja lina kiungo. Fuata mfupa wa nyonga hadi uione gololi nyeupe, kata kano yake, paja lifunguke. Halafu sarara, ile ya mgongoni: kisu kipite ubavuni mwa mifupa ya uti, kidole gumba kikitangulia. Chukua nyama ya shingo. Nyuma ya ubavu wa mwisho ingiza mkono chini ya uti, uivute sarara ndogo ya ndani. Mgeuze, rudia.

Kila pande liingie kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, litundikwe kivulini. Usitumie plastiki. Litundike mbali na mzoga, angalau hatua mia, maana dubu naye amesikia mlio. Sheria inataka uchukue miguu yote minne na sarara zote. Matumbo si lazima, na hapo sisi huumia: kumwachia kunguru utumbo wote ule! Mimi humalizia kwa kupasua kifua nikatoa moyo na maini, ndivyo vinavyoliwa usiku ule kambini.

Hatua ya 9: Kipimo, kisha jiko

Kulungu na elki wa huku wana ugonjwa wa kudhoofika (kwa Kiingereza chronic wasting disease), uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Haijathibitishwa kwamba umewahi kumpata binadamu, lakini ushauri wa afya ni kutokula mnyama mwenye ugonjwa, na moto wa jikoni hauuondoi. Peleka kichwa kwenye kituo cha CPW kikapimwe. Vitalu vingine ni lazima. Andika namba ya kipimo kwenye kila pakiti ya friza, wala usimgawie jirani hadi majibu yatoke.

Nyama ya elki haina mafuta ndani yake, na ya nje yakipoa huganda mdomoni kama nta ya mshumaa. Yakate yote. Ya mishikaki ilale na papai bichi na tangawizi kwa saa mbili tu. Ikilala usiku kucha inakuwa uji. Ya kusaga ongeza kilo moja ya mafuta ya ng'ombe kwa kila kilo kumi. Sarara haitaki mchuzi: chuma chenye moto mkali, dakika tatu kila upande, chumvi na ndimu. Miundi ikate kwa msumeno, iweke kando kwa supu ya Jumamosi.