Jinsi ya kutafuta kidole tumbo cha mtoto kwa altrasaundi

Mtoto akifika na tumbo linalouma upande wa kulia, mwambie kwanza akuonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Pakumbuke, lakini usianzie hapo. Anzia upande usiouma, azoee mkono wako. Huku Kasese, magharibi mwa Uganda, akina mama wengi hutujia kutoka ng'ambo ya Mpondwe, mpakani na Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha: "Mama Baraka, kaa hapa kichwani, umshike mkono. Hatumchomi sindano." Mama akitulia, mtoto naye hutulia. Chupa ya jeli iwe imekaa kwenye maji ya uvuguvugu, maana jeli baridi hukaza tumbo ambalo tayari limekaza.

Chukua probu, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya tumbo, yenye uso ulionyooka, ya megahezi 7 hadi 12. Kwa kijana mnene huenda ukahitaji ile ya mviringo, inayofika chini zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Ilaze probu kwa upana chini ya ini, utafute utumbo mpana unaopanda, kisha ushuke nao taratibu mpaka unapoishia. Bonyeza mtoto anapotoa pumzi. Anapovuta, tulia hapo hapo, usiachie. Akitoa tena, ongeza kidogo. Hivyo unasukuma gesi na matumbo pembeni, na nyuma yake utaona msuli wa soasi, ulio kando ya uti wa mgongo, na mishipa mikubwa ya damu ya nyonga. Usipoiona, hujabonyeza vya kutosha, au kuna gesi bado. Njia hii aliieleza daktari Mholanzi Puylaert mwaka 1986, na sijaona iliyo bora zaidi kwa mtoto. Jicho moja liwe kwenye skrini, jingine usoni kwa mtoto: akikunja uso kabla hajalia, punguza mwendo. Na ukimaliza, inua mkono polepole vile vile. Kuachia ghafla humuumiza kuliko kubonyeza.

Utumbo mwembamba hujikunja na kusogea mbele ya macho yako. Kidole tumbo hakisogei, na mwisho wake umeziba. Kifuate mpaka ncha, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa nchani peke yake huku shina likiwa zima. Pima kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje. Kikizidi milimita 6, hakibonyei, na mtoto analia pale pale unapokigusa, shaka yako ina msingi. Lakini usitoe hukumu kwa milimita peke yake. Wapo watoto wasio na ugonjwa wenye 6 na ushee. Tafuta mafuta yaliyong'aa pembeni, kijiwe chenye kivuli nyuma yake, maji yaliyotuama, na damu nyingi ukutani ukiwasha Dopla, inayoonyesha damu inavyotiririka. Kikishapasuka, damu hiyo inaweza kutoweka na umbo lenyewe lisijulikane, ukabaki na maji mazito au usaha tu.

Usipokiona, mlaze mtoto ubavu wa kushoto upimie kiunoni, huenda kimejificha nyuma ya utumbo mpana. Kukitafuta chini ndani ya nyonga, subiri kibofu kijae. Bado hakuna? Andika "hakikuonekana". Usiandike kamwe "hana ugonjwa wa kidole tumbo", kwa sababu daktari atakusoma na mtoto atarudishwa nyumbani. Omba wampime tena baada ya saa chache.

Angalia na mengine: tezi zilizovimba, utumbo ulioingia ndani ya mwenzake, na kwa msichana, ovari iliyojisokota, ambayo haingoji kesho. Mwisho wa utumbo mwembamba ukiwa mnene, fikiria taifodi. Sisi wa Kasese tuliona mlipuko wa 2008 na 2009, ulivyotoboa matumbo ya watu. Pandisha probu pia hadi chini ya pafu la kulia. Nimonia ya pale hujifanya ugonjwa wa tumbo. Na mtoto mwenye selimundu anaweza kuumwa vivyo hivyo.

Shaka ikiwa kubwa, mpigie daktari wa upasuaji simu mwenyewe kabla karatasi haijafika. Mtoto asile wala kunywa mpaka daktari aseme, na kliniki impe dawa ya maumivu mapema. Ile hofu ya zamani kwamba dawa huficha ugonjwa haina ukweli, na safari ya kwenda hospitali ya rufaa Fort Portal ni ndefu kwa mtoto anayeumwa.