Spea na vikorombwezo vya baiskeli ya umeme ya milimani: ukiwa Mbeya, anza na breki

Baiskeli ya umeme ikishafika Mbeya, mwenye nayo huanza kuulizia betri kubwa zaidi. Asubiri kwanza. Kupanda si shida ya mashine hii. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mwinuko wa mita 1,700 wa mjini hauipunguzii nguvu kama unavyoipunguzia pikipiki ya karbureta. Shida iko kwenye kurudi chini.

Piga hesabu. Mtu wa kilo 80 juu ya baiskeli ya kilo 25, akitoka kileleni Loleza hadi mjini, anashuka mita 900 na ushee. Hapo kuna nishati ya Wh (wati-saa) 257 hivi, na baiskeli zenye mota ya kati kwenye krenki hazirudishi umeme kwenye betri zikiteremka. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inageuka moto kwenye diski mbili nyembamba. Ungeweza kuutia wote chini ya sufuria, ungechemsha lita tatu za maji. Breki zilizokuja na baiskeli ya bei ya kati hazikutengenezwa kwa kazi hiyo kila Jumamosi.

Kabla ya kutoa hela

Spea za baiskeli za rimu 26 na 28 zipo karibu kila soko. Za baiskeli hii mara nyingi zinaagizwa Dar au nje kabisa, na kitu kikishapanda basi kuja Mbeya au Iringa, kukirudisha kwa sababu hakikuingia ni gharama na usumbufu. Kwa hiyo chukua tochi na karatasi, uandike namba zilizoko kwenye baiskeli yenyewe, si zile za tangazo la dukani. Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 61-622: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu. 622 ndiyo 29, 584 ndiyo 27.5. Kwenye diski andika kipenyo, unene wa chini unaoruhusiwa, na namna ilivyofungwa, kama ni bolti sita au nati moja kubwa ya katikati. Chomoa pedi uipige picha pande zote mbili, maana maumbo yake ni mengi na yanafanana kwa mbali. Andika pia modeli ya mota, modeli ya betri na aina ya kikombe kinachobeba kaseti, yaani rundo la gia za nyuma (HG, Micro Spline au XD). Picha hizo ndizo za kumtumia muuzaji. Akikujibu "itaingia tu" bila kuziangalia, tafuta mwingine.

Breki

Kutoka diski ya mm 180 kwenda 203, nguvu ya kusimamisha inaongezeka kama asilimia 13 kwa kubana kule kule, na chuma kinachopokea moto kinakuwa kingi zaidi. Hakuna shilingi nyingine utakayoitumia kwenye baiskeli hii ikarudisha faida kama hiyo. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na wanakosea kwa milimita tatu: kuna diski za 200 na kuna za 203, na kila moja ina adapta yake ya kunyanyulia kalipa, yaani kile kibano kinachoshika pedi. Ukizichanganya, pedi inapanda juu ya ukingo wa diski kwa mm 1.5, inalika nusu na kuacha mdomo mkali. Nunua diski na adapta pamoja, na uthibitishe kwanza kwamba foku yako inaruhusu kipenyo hicho. Kikomo chake hutajwa kwenye maelezo ya mtengenezaji. Diski nene za mm 2.3 ni nzuri, ila haziingii kwenye kila kalipa.

Kuna kitu kingine kidogo kinachosahaulika. Baiskeli nyingi za umeme hubeba sumaku ya kupima mwendo kwenye diski ya nyuma. Ukivua diski ya zamani ukaitupa pamoja na sumaku yake, mota itakataa kusaidia, na skrini za mota za Bosch za mfumo wa zamani zitaandika kosa namba 503. Hamisha sumaku, au nunua diski iliyokuja nayo.

Pedi ziko za aina mbili kuu. Za resini ni tulivu na hushika vizuri zikiwa baridi, lakini tope la Rungwe huzimaliza upesi, na kwenye mteremko mrefu huanza kuteleza zikipata moto. Za chuma hupiga kelele zikilowa, ila zinadumu na zinavumilia moto. Kwa njia za Tukuyu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, weka za chuma mbele na nyuma. Sharti ni moja: ukiona diski imeandikwa kwamba ni ya pedi za resini tu, usiitie za chuma, zitaila haraka. Pedi ikibaki na mm 0.5 ya sehemu yake inayosugua, itoe. Diski nyingi mpya zina unene wa mm 1.8, na zile za Shimano zikishuka hadi 1.5 kazi yake imekwisha.

Ukishafunga diski na pedi mpya, usiende moja kwa moja mlimani. Tafuta barabara tambarare, endesha kama km 20 kwa saa, kamata breki moja polepole mpaka mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, achia. Rudia mara 20, kisha mara 10 kwa mwendo mkubwa zaidi. Fanya hivyo kwa kila breki peke yake. Ukiruka hatua hii, pedi hung'aa kama kioo na breki hulia bila kushika. Mafuta ya mikono pia huharibu, kwa hiyo shika diski kwenye kingo zake tu, na ufute kwa spiriti.

Oili ya breki ndiyo mtego wa mwisho. Shimano, Magura na Tektro hutumia oili ya madini. SRAM nyingi na Hope hutumia DOT, oili ya jamii ya breki za magari. Duka la spea za magari litakuuzia DOT 4, na inafaa kwenye breki zinazotaka DOT 5.1. DOT 5 bila ile .1 ni silikoni, haifai. Ukimwaga DOT kwenye breki ya oili ya madini, sili, yaani mipira ya ndani inayozuia oili isivuje, zinavimba na lazima ununue breki nzima upya. Fundi wa pikipiki anajua kutoa upepo kwenye breki vizuri kabisa, ila yeye amezoea DOT, kwa hiyo mpelekee na chupa yako mkononi.

Tairi

Baiskeli nzito yenye mota ya nguvu ya kuzungusha ya Nm 85 huchana tairi nyepesi kwenye mawe, hasa la nyuma. Nunua tairi lenye ubavu mnene hata kama linaongeza gramu 300. Mota ndiyo itakayoubeba uzito huo. Kiangazi, njia za Chunya na Isangati zina vumbi juu ya udongo mgumu, na meno mafupi ya karibu karibu yanatosha. Masika udongo mwekundu hujaa kati ya meno ya namna hiyo ukageuza tairi kuwa chapati. Hapo unahitaji meno marefu yaliyoachana, angalau mbele.

Tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, inafaa sana, kwa kuwa miiba midogo haikusimamishi tena. Tairi la 29 kwa 2.4 linataka maji ya kuziba pancha ml 100 hadi 120, na maji hayo hukauka ndani. Fungua uangalie kila baada ya miezi mitatu. Beba tyubu moja hata hivyo. Tyubu ya 26 ya sokoni huvutika ikaingia kwenye rimu ya 27.5 kukufikisha nyumbani. Kama rimu zako zina vali nyembamba, nunua adapta mbili za shaba za kuigeuza iwe ya kawaida, ili kijiwe chochote cha kujazia upepo pikipiki kikusaidie. Mwambie tu asijaze kwa mazoea yake. Mtu wa kilo 75 anahitaji psi 21 hadi 23 mbele na 24 hadi 26 nyuma.

Baiskeli iliyojazwa Dar ikapandishwa Mbeya itaonyesha karibu psi 2.7 zaidi kwenye geji bila mtu kuigusa, kwa sababu hewa ya nje huku ni nyepesi. Kwenye psi 22 hiyo ni tofauti unayoisikia mikononi. Pima upya ukifika.

Cheni

Hii inakwisha haraka kuliko unavyotegemea. Nunua geji ya cheni, kichuma kidogo cha bei nafuu. Cheni ya gia 11 au 12 ikifika asilimia 0.5 ya kurefuka, badilisha. Ukiiacha, inaichonga kaseti, na kaseti ni ghali kuliko cheni kadhaa. Cheni zilizoandikwa ni za baiskeli ya umeme zinastahili bei yake. Gia badilisha ukiwa umelegeza mguu, vinginevyo mota inaivuta cheni nusu meno ya huku na nusu ya kule.

Krenki fupi za mm 160 au 165 zinasaidia pedali zisigonge mawe, lakini hakikisha zinaingia kwenye ekseli ya mota yako. Nyingi za Bosch zina ekseli yenye meno ya aina ya ISIS, Shimano wana meno yao.

Betri na chaja

Usibebe betri ya akiba kwenye ndege. Kikomo cha abiria ni Wh 160, na betri ndogo ya baiskeli hii huwa na 400 au 500. Ikiagizwa peke yake husafirishwa kama mzigo wa hatari, kwa hiyo anayekuahidi kuiweka kwenye begi la mgeni anakudanganya. Betri za mfumo mpya wa Bosch hazifanyi kazi kwenye mota za mfumo wa zamani, hata zikifanana. Zile zisizo na jina zilizobandikwa namba kubwa ziache, hasa kama utaichaji ndani ya nyumba unayolala.

Chaja isome kibandiko chake: kama volti zilizoandikwa hazijumuishi 230 (mfano 100–240 V au 220–240 V), usiichomeke kwenye umeme wetu wa 230. Ipitishe kwenye fridge guard, ile ile ya friji, maana umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Kuijaza betri ya Wh 625 hutumia karibu robo tatu ya yuniti moja ya LUKU, kwa hiyo gharama ya umeme isikutie wasiwasi. Makete na Njombe usiku wa Juni na Julai, betri ilale ndani. Isichajiwe chini ya nyuzi 0, na kama haitumiki kwa wiki kadhaa iachwe kati ya asilimia 30 na 60.

Vifaa vya kuidanganya mota iendelee kusaidia kupita kikomo chake cha km 25 kwa saa vinauzwa mtandaoni. Mota za kisasa hugundua, zikajifunga kwenye mwendo wa kutambaa, na aliyeidhinishwa kuzifungua hayupo sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Vitu vidogo

Madigadi ya plastiki ya mbele, inayobanwa kwa kamba za plastiki, inunue siku ya kwanza. Inakinga macho, na pia inazikinga sili za foku dhidi ya mchanga. Taa ya mbele iwe na betri yake, isitegemee ya baiskeli, kwa sababu ukungu wa Igoma hauangalii saa. Mkoba wa chini ya siti uwe na spana za alenki, kiungo cha cheni cha kufungia kinacholingana na idadi ya gia zako, pedi za akiba na uzi wa kuzibia tyublesi.

Kuosha: yale maji ya presha ya vijana wa kuoshea magari usiyaruhusu kwenye mota, soketi ya betri wala beringi za magurudumu. Yanapita kwenye sili na kubaki ndani. Ndoo, brashi na sabuni vinatosha. Acha betri mahali pake wakati wa kuosha ili soketi isipate maji, ila zima mfumo. Kisha ichomoe, futa vichwa vya shaba kwa kitambaa kikavu, na uache kila kitu kikauke ndipo uchaji.