SOMO: Kupata sauti ya pawa ampu ya tyubu kwenye ampu za kisasa (acha kwanza kuongeza geini)

Wakuu habari za saa hizi. Nimeona niandike hili maana wapiga gita wengi wananiuliza kitu kilekile, mtu ana modela (kifaa cha kidijitali kinachoiga ampu) nzuri ya hela nyingi halafu analalamika sauti kavu, ukimuuliza umejaribu nini anasema nimeongeza geini. Sasa ukiongeza geini unaongeza kukwaruza kwa preampu tu (sehemu ya mbele ya ampu, kabla ya pawa ampu inayosukuma spika), ile sauti ya nyuki ndani ya kopo, wakati utamu mwingi wa ampu za zamani zikifunguliwa unatoka nyuma kule, pawa ampu na transfoma na spika vikivutana.

Kuvutana kwenyewe kukoje. Ukiipiga kamba kwa nguvu, tyubu za pawa (zile taa za kioo, kama EL34, 6L6, 6V6, EL84) zinadai umeme mwingi ghafla, pawa saplai inazidiwa, volteji inashuka kidogo halafu inarudi. Hiyo ndo sagi, noti inabanwa mwanzoni kisha inachanua mkononi mwako. Fender Deluxe ya miaka ya 1950 yenye rektifaya (kigeuza umeme wa AC kuwa DC) ya tyubu 5Y3 inalegea sana, Marshall Super Lead ya wati 100 ina rektifaya ya daiodi kwa hiyo inabaki ngumu, na zote ni tamu, kila moja kwa kazi yake.

Halafu kuna spika, na hapa ndo wengi wanapitiliza. Imeandikwa ohm 8 lakini sio 8 kila mahali. Spika za gita za inchi 12 nyingi zina mlima wa impidansi (ukinzani wa spika kwa umeme, unaobadilika kulingana na noti) huko chini, kama Hz 75 hadi 110, na ukienda kwenye trebo inapanda tena, inaweza kuvuka ohm 30. Ampu ya transista ya kawaida haijali, inatoa volteji ileile tu. Ya tyubu inajali, impidansi ikipanda na sauti inapanda nayo, kwa hiyo unapata besi inayosukuma kifua na trebo inayong'aa hujagusa ekwalaiza hata kidogo. Kinachotuliza hali hiyo ni fidibaki hasi, yaani sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa ndani kinyume ili kuidhibiti ampu. Vox AC30 haina fidibaki hiyo kwenye pawa ampu, ndo maana iko wazi vile. Kwenye Marshall ipo, na nobu ya presence kazi yake ni kuipunguza upande wa trebo.

Sasa tufanye kazi.

HATUA YA 1. Jua sauti yako inatokea wapi. Kama ni PA ya kanisani au hedifoni, washa simulesheni ya pawa ampu na IR (faili linaloiga sauti ya spika na maiki) ya kabineti. Kama unaingia kabineti la gita kupitia pawa ampu ya transista, zima IR ila simulesheni ya pawa iache. Kama nyuma una pawa ampu ya tyubu yenyewe, zima vyote viwili (kwenye modela ya Helix kuna bloku za Preamp peke yake, tumia hizo), la sivyo unapitisha sauti kwenye pawa ampu mbili na inakuwa uji.

HATUA YA 2. Shusha geini mpaka nusu ya ulivyozoea, pandisha Master. Kwenye Helix Master ndo inasukuma zile tyubu za kuigiza, na ukubwa wa sauti unaurekebisha na Ch Vol ambayo haigusi toni. Watu wanaogopa kupandisha Master wakidhani wataua spika, hapana, panda nayo huku unashusha Ch Vol. Ila modeli za metali zenye geini kubwa usizipeleke mbali, zile ukwaruzaji wake umetengenezwa kwenye preampu.

HATUA YA 3. Sagi. Anza katikati, piga kodi ya E kwa nguvu halafu piga polepole, sikiliza vidole zaidi ya masikio. Ukihisi kamba inakuvuta kidogo kabla ya sauti kutoka umefika. Ikichelewa mpaka rithim inachanganyikiwa na ngoma, punguza.

HATUA YA 4. Hii naipenda kuliko zote. Kama unatumia kabineti halisi na pawa ampu ya transista, ule mlima wa besi unatoka kwenye programu, na unaweza usilingane na mlima wa kabineti lako. Telezesha kidole kamba ya sita taratibu kutoka E wazi (Hz 82) mpaka A (Hz 110), usikie noti ipi inavuma kuliko wenzake. Hamisha kabineti sehemu nyingine urudie, maana chumba nacho kinavuma. Noti inayovuma kote kote ndo ya kabineti. Modela kama Axe-Fx III inakuruhusu kusogeza huo mlima, uweke hapo. Kama yako haina, cheza na nobu ya resonance au depth.

HATUA YA 5. Presence iweke mwisho kabisa, tena kwa sauti ileile utakayopigia. Ukiseti chumbani usiku kwa sauti ndogo masikio hayasikii besi vizuri, utajaza besi na trebo halafu ukifika ukumbini unakata watu masikio.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi napiga sebene, hiyo sagi si itaniharibia?
Jibu: Itakuharibia kweli ukiiweka kubwa. Sebene noti zinakimbizana, kila moja inataka kutoka safi. Weka sagi chini kabisa, chukua modeli ya Fender safi kama Twin, faida yako iko kwenye ile impidansi ya spika inayopanda kwenye trebo, noti za juu zitang'aa bila kuchoma.

Swali: Kaka nina Katana 50 (ampu ya Boss), sioni nobu ya sagi.
Jibu: Kwenye paneli haipo, tumia Power Control, swichi ya kuchagua wati. Nyumbani weka wati 0.5, pandisha Master, hapo unasikia ampu iliyofunguliwa na majirani wanalala. Kwenye shoo rudi 50.

Swali: Kwa nini Tone Master Deluxe Reverb (ampu ya kidijitali ya Fender) ya 2019 ina wati 100 wakati inaiga ya wati 22?
Jibu: Kwa sababu ukwaruzaji wote unatakiwa utoke kwenye programu. Pawa ampu ya class D (aina ya transista iliyomo humo) ikizidiwa yenyewe inakata vibaya, ndo wakaipa nafasi kubwa.

Swali: Mwalimu mimi naunda ampu mwenyewe na LM3886 (chipu ya pawa ampu), hiyo tabia ya spika naipataje bila programu?
Jibu: Safi sana kaka. Weka rezista ndogo, mfano ohm 0.22 ya wati 5, kati ya hasi ya spika na graundi, halafu chukua fidibaki kutoka hapo uirudishe kwenye ingizo la hasi la chipu. Hiyo ni fidibaki ya karenti, impidansi ikipanda ampu nayo inapandisha sauti. Marshall walitumia njia ya namna hii kwenye ampu zao za Valvestate. Ila usiondoe fidibaki ya volteji yote, changanya zote mbili, maana ukiacha ya karenti peke yake siku spika ikichomoka geini inapaa yenyewe. Anza na kidogo, sikiliza, ongeza. Ukikwama weka picha ya mchoro wako hapa tuuangalie.