Kuondoa ukungu na harufu ya uvundo kwenye gari lenye viti vya ngozi

Gari likianza kunuka uvundo, wengi hukimbilia manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Usihangaike nayo. Baada ya siku mbili utakuwa na gari linalonuka uvundo na limau kwa pamoja. Harufu ile hutoka kwa ukungu ulio hai, na ukungu hauishi bila unyevu. Kwa hiyo kazi hii ni ya kusaka maji kwanza, kusugua baadaye.

Jambo la pili la kujua ni kwamba ngozi yenyewe mara nyingi si mkosaji mkuu. Viti vya magari mengi vimetengenezwa kwa ngozi iliyopakwa rangi kisha ikafunikwa na tabaka jembamba la plastiki. Ukungu unaouona juu yake unakula jasho, mafuta ya mwili, vumbi na krimu uliyopaka mwaka jana ukaiacha bila kuifuta vizuri. Huo unafutika. Unaokaidi ni ule uliojificha kwenye mishono, kwenye matundu ya viti vyenye ngozi ya vishimo, kwenye sponji iliyo ndani ya kiti na chini ya zulia.

Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani ya kukinga macho. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe za ukungu. Mwenye pumu ampe mtu mwingine kazi hii. Egesha gari nje, kivulini, milango yote minne na buti vikiwa wazi.

Hatua ya 1: Tafuta maji yanakoingilia

Chukua karatasi nyeupe za tishu. Kunja moja, iweke kwenye zulia mbele ya kiti cha dereva, ikandamize kwa kiganja chenye glavu ukihesabu hadi kumi. Iinue uitazame. Ikiwa na alama ya unyevu, hata kama zulia lilionekana kavu, tayari umepata pa kuanzia. Rudia mbele ya abiria, nyuma ya kila kiti, na chini ya tairi la akiba kwenye buti. Chini ya zulia kuna tabaka la sponji au nyuzi nene linaloweza kushika maji kwa wiki kadhaa huku juu pakiwa pakavu. Usiliamini zulia kwa kulipapasa tu.

Mahali palipolowa panakuambia mengi. Mbele ya abiria, karibu na ukuta wa injini, mshuku mrija wa kiyoyozi. Siku ya joto, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, lazima uone maji yakidondoka chini ya gari. Yasipodondoka, huenda mrija umeziba na maji yanarudi ndani. Pakilowa pande zote mbili za mbele, au kitambaa cha paa kina madoa pembeni, na gari lina dirisha la paa, angalia mirija ya kulitoa maji. Fungua dirisha hilo, mimina maji kidogo kwenye pembe ya mfereji wake, kisha tazama yanatokea wapi. Yanapaswa kutoka nje, karibu na magurudumu au bawaba za mlango. Yakisimama palepale, zibua kwa uzi mnene wa nailoni ukiusukuma polepole. Usipulizie upepo wa kompresa kwa nguvu, kwani mrija unaweza kuchomoka ndani ya nguzo ya gari, na hapo itabidi ushushe paa zima.

Milango nayo ina matundu madogo kwenye ukingo wa chini ya kutolea maji ya mvua, na hayo huziba kwa tope. Yachokonoe kwa kijiti. Kagua mipira ya milango na ya buti kama imepasuka au imelala.

Ukiona zulia limelowa kitu chenye utelezi, kina harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta kwa ndani, hayo si maji ya mvua. Ni kipozea injini kinachovuja kwenye hita. Hilo ni la fundi, na halingoji.

Usivuke hatua hii mpaka uvujaji umezibwa. Ukisafisha gari linalovuja, utalisafisha tena baada ya mvua ijayo.

Hatua ya 2: Toa vyote, fyonza

Toa mikeka, vifuniko vya viti, karatasi, vitu vya watoto, kila kitu. Mikeka ya kitambaa iliyoota ukungu ioshwe peke yake na ikaushwe juani.

Kisha fyonza kwa vakyumu yenye filta ya HEPA, yaani inayonasa chembe ndogo sana. Vakyumu ya kawaida hunyonya chembe za ukungu mbele na kuzitema nyuma, ukaziotesha hata pale ambapo hazikuwepo. Huna ya HEPA? Basi usifyonze ukungu mkavu. Ufute kwanza kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kila futo upande safi wa kitambaa, kisha kifunge kwenye mfuko na ukitupe. Usipige kiti kwa brashi kavu hata kidogo.

Viti vikisogezwa mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwisho, utafika karibu kila mahali. Ikibidi kuving'oa, chomoa nyaya za betri kwanza na usubiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Chini ya viti kuna plagi, nyingi zikiwa za rangi ya njano, za mifuko ya hewa ya usalama. Hizo si za kuchezea. Kama hujawahi kung'oa kiti, muite aliyewahi.

Hatua ya 3: Ijue ngozi yako

Dondosha tone moja la maji sehemu isiyoonekana, mfano nyuma ya kiti karibu na zulia. Tone likibaki limetuna juu, ngozi imefunikwa na endelea nami. Likinywewa na kuacha doa jeusi, hiyo ni ngozi wazi isiyo na kinga: fanyia jaribio kila dawa, tumia unyevu kidogo sana, au mpelekee mtaalamu wa ngozi. Kama uso wake una manyoya laini kama swedi, usitumie maelekezo yanayofuata kabisa.

Hatua ya 4: Safisha ngozi

Tumia sabuni ya maji maalumu ya ngozi, au sabuni laini isiyo na magadi, matone machache kwenye maji ya uvuguvugu. Ngozi kwa asili ina asidi kidogo, na vitu vya magadi huikausha na kuifanya ikakamae. Ndiyo maana sipendi ushauri wa kunyunyizia bikaboneti ya soda (baking soda) juu ya viti vya ngozi. Unga ule huingia kwenye mishono na vishimo, hautoki wote, na kila unapopata unyevu unaendelea kufanya kazi usiyoitaka.

Tia povu kwenye brashi laini, si kwenye kiti. Anza juu, kwenye kiegemeo cha kichwa, ushuke. Fanya eneo dogo la ukubwa wa viganja viwili, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokamuliwa, kausha kwa kingine, ndipo uende eneo la pili.

Kwenye mishono ndipo pa kutulia. Panua mkunjo kwa vidole viwili, utaona mstari wa kijivu umelala kati ya uzi na ngozi. Uguse kwa brashi ya meno laini yenye povu, ukisugua kufuata uzi na si kuukata, halafu bonyeza kitambaa kikavu hapo ili kinyonye uchafu kabla haujazama. Rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Mfuko wa nyuma ya kiti, chini ya kiegemeo cha mkono na upande wa ndani wa usukani nao husahaulika.

Viti vya vishimo visiloweshwe. Maji yakipita matundu yanaingia kwenye sponji, na vingi vina nyaya za joto au feni ndani.

Hatua ya 5: Ua mabaki

Sabuni imeondoa ukungu unaoonekana. Sasa shughulikia usioonekana. Changanya alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 na maji kwa kiasi sawa. Jaribu mahali pa siri, subiri pakauke, angalia kama rangi imehamia kwenye kitambaa. Ikihama, acha. Isipohama, lowesha kitambaa kidogo, pitisha juu ya ngozi mara moja, usisugue, acha hewa iikaushe. Mchanganyiko huu unawaka, kwa hiyo hakuna sigara wala cheche karibu, na milango ibaki wazi.

Ukikosa alkoholi, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inafaa. Harufu yake itapotea ikikauka.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isiguse ngozi. Inaharibu rangi na uzi wa mishono. Na usiichanganye na siki kwa hali yoyote, kwani pamoja hutoa gesi ya klorini yenye sumu, nawe umejiinamisha ndani ya gari.

Hatua ya 6: Zulia, mikanda na paa

Zulia lililolowa linyanyuliwe, si kukaushwa kwa juujuu. Fungua vifuniko vya plastiki vya kizingiti cha mlango, livute juu, weka vipande vya mbao chini yake ili upepo upite pande zote. Hapa bikaboneti ina kazi: nyunyiza kwenye zulia kavu, iache usiku kucha, kisha ifyonze.

Vuta kila mkanda wa usalama hadi mwisho. Utashangaa. Sehemu inayolala ndani ya nguzo, isiyoonekana kamwe, ndiyo yenye madoadoa meusi. Ishikilie isirudi kwa kibanio, isafishe kwa sabuni laini na maji tu, na usiiachie mpaka ikauke kabisa. Klorini inadhoofisha nyuzi zake. Paa lifutwe kwa mkono mwepesi. Gundi yake haipendi maji.

Hatua ya 7: Kiyoyozi

Kama harufu inakuja kwa nguvu dakika ya kwanza baada ya kuwasha feni, kisha inapungua, chanzo kipo kwenye kiyoyozi. Badilisha filta ya hewa ya ndani, ambayo kwa magari mengi ipo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kisha tumia povu la kusafishia kiyoyozi kufuata maelekezo ya kopo. Kuanzia hapo, dakika chache kabla ya kufika uendako zima ubaridi, acha feni iendelee. Na toa swichi kwenye kuzungusha hewa ya ndani. Ukiiacha hapo muda wote unafungia pumzi zenu na unyevu wake ndani ya gari.

Hatua ya 8: Kausha hasa

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa, kwa hiyo feni ianze kufanya kazi siku hiyohiyo. Weka moja ikipuliza kuingia mlango mmoja na hewa itokee mlango wa upande wa pili. Ukiwa na mashine ya kuondoa unyevu, funga milango na uiache ifanye kazi humo. Kipima unyevu kidogo kiwekwe sakafuni. Kikibaki chini ya asilimia 60 gari likiwa limefungwa usiku mzima, uko pazuri. Jua kali la moja kwa moja linafaa kwa mikeka, si kwa ngozi, kwani huikausha na kuipasua.

Vikopo vya kloridi ya kalsiamu vinavyofyonza unyevu vina nguvu, lakini hujaa maji ya chumvi. Vikimwagika juu ya kiti vitaacha doa baya, kwa hiyo viweke sakafuni, ndani ya ndoo.

Hatua ya 9: Harufu iliyobaki, kisha krimu

Gari likikauka, harufu hafifu inaweza kubaki siku kadhaa. Mifuko ya mkaa amilifu chini ya viti hufyonza pole pole. Mashine ya ozoni, inayotoa gesi ya kuua harufu, ni ya mwisho, na mimi huitumia kwa shingo upande: hewa yake ni hatari kwa mapafu, ikizidi hukausha mipira na ngozi, na haizibi uvujaji. Ukiitumia, asiwemo mtu, mnyama wala mmea, kisha fungua milango kwa muda mrefu kabla ya kuingia.

Krimu ya ngozi ipakwe mwisho, ngozi ikiwa kavu kabisa, kidogo, na ifutwe yote inayobaki juu. Krimu nene juu ya ngozi yenye unyevu ni chakula cha ukungu.

Ukifuata yote haya na kiti kimoja bado kinanuka unapokikalia, hewa inayotoka kwenye mishono ndiyo inayokuambia: sponji imeoza ndani. Hakuna cha kupaka kitakachoifikia. Mtengeneza viti avue ngozi, abadilishe sponji, na ngozi ileile iliyosafishwa irudishwe juu yake.